Nimekarabati puta yangu mwenyewe nyumbani, imetoka madoa kama chui. Wajuzi karibuni

#1 mkono_mzito

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya hakuna ugomvi.

Iko hivi. Nina puta (fimbo ya gofu ya kusukumia mpira shimoni) ya zamani, ile nyembamba ya ubapa, kichwa chuma kitupu, niliachiwa na jamaa yangu aliyeacha gofu baada ya mgongo kumkatalia. Ilikaa kwenye begi ndani ya kava lililolowa sijui miaka mingapi, siku navua lile kava manyoya yake ya ndani yakang'oka yakabaki yameganda na kutu kwenye kitako, yaani upande wa chini wa kichwa. Nusu ya watu ninaocheza nao walisema tupa hiyo. Ila nilivyoipigia mipira mitatu minne kwenye zulia aisee ule mlio, tk, mfupi, mkono hautetemeki, nikasema hii siitupi, naivalisha upya mwenyewe.

Nikasomasoma nikaamua naitaka nyeusi, ile nyeusi yenye ubuluu kwa mbali kama mtutu wa bunduki. Naeleza hatua zote ili mnipime nilichemka wapi.

Kwanza niliiloweka kwenye siki nyeupe usiku kucha. Asubuhi kutu yote imelegea imekuwa kama tope jeusi, nikasugua na mswaki mkuukuu ikatoka, nikaichovya kwenye maji ya bekingi soda kuua asidi, nikasuuza, nikakausha na draya ya nywele haraka haraka kwa sababu nilisoma kwamba chuma kikitoka kwenye siki kinashika kutu mpya unakiangalia, na ni kweli, upande niliochelewa ulishaanza kuwa rangi ya chungwa kabla sijamaliza kukausha upande wa pili.

Halafu msasa. Hapo ndipo jioni zangu tatu zilipoishia. Nilianza namba 220 kwa sababu ya vishimo vya kutu, nikaja 320, 400, 600, nikaishia 800. Kitako na ubavu nilisugulia juu ya kipande cha kioo, yaani msasa umelala kwenye kioo na maji ya sabuni kidogo, kinachotembea ni kichwa cha puta na sio msasa. Faida yake utaiona kwenye kona, zinabaki kali, ukishika msasa na vidole kona zote zinakuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki mbili. Na kila nikibadilisha namba nabadilisha na uelekeo, 320 kwa urefu, 400 kwa upana, ukiona chini ya mistari ya upana bado kuna mistari ya urefu basi namba ile haijaisha kazi, endelea. Uso wa kupigia sikuugusa na msasa, nilipitisha mswaki tu kwenye zile alama za mashine.

Baada ya msasa nikafuta na asetoni kila kona. Kisha nikamalizia na stilwaya laini kabisa ile ya namba 0000, ikawaka mpaka naziona ndevu zangu. Nikaweka glavu, nikapaka dawa ile ya baridi ya kuweka weusi (isiyohitaji moto) wanayotumia kwenye bunduki, nikasubiri dakika moja, nikasuuza.

Sasa njooni muone. Sehemu nyingine nyeusi safi kabisa, nyingine imebaki kijivu kama hujapaka kitu, nyingine kahawia. Nikajua dawa imelala sana dukani, nikatafuta chupa nyingine, nikasugua upya kuanzia 400, nikarudia kila kitu, madoa yale yale ila mahali pengine kabisa! Siku ya tatu yale ya kahawia yakaanza kuota kutu. Shafti (mpini wake) sikuitoa, niliifunga tepu. Nimeishiwa maarifa wakuu.

#2 Shimo la 19

Chui ni mnyama wa heshima mkuu, wewe ingia nayo uwanjani hivyo hivyo utaogopwa. Naweka kambi hapa.

#3 fundi_jiliwa

Mkuu kazi yako ya msasa nimeipenda, wengi wanakimbilia dawa. Maswali mawili tu. Sumaku inashika kwenye hicho kichwa? Na hiyo stilwaya umetumia BAADA ya asetoni, nimesoma vizuri?

#4 mkono_mzito

Sumaku inashika mpaka kuing'oa ni kazi. Na ndio, asetoni kwanza halafu stilwaya, nikapangusa na kitambaa kikavu, nikapaka dawa. Kitambaa kilikuwa kisafi kabisa.

#5 fundi_jiliwa

Basi dawa yako haina kosa, zile chupa mbili umezionea bure.

Stilwaya laini nyingi zinatoka kiwandani zimepakwa mafuta kidogo ili zisioze kutu kwenye pakiti. Huyaoni wala huyasikii mkononi ila yapo. Wewe umesafisha chuma vizuri na asetoni halafu ukakipaka mafuta upya kwa mkono wako, na kwa sababu stilwaya haipaki sawasawa ndio maana madoa yanahama kila ukirudia. Ingekuwa shida ya chuma, madoa yangerudi pale pale.

Fanya hivi. Chukua stilwaya yenyewe iloweke kwenye asetoni, ikamue, iache ikauke, ndio utumie. Ukimaliza asetoni tena kwenye kichwa, vitambaa viwili vitatu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha kabla ya dawa mwagia maji safi kichwa chote na uangalie tu, usifute. Maji yakitandaa kama ngozi moja ni safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, hapo pana mafuta, rudi kwenye asetoni. Hicho kipimo ni cha bure na hakidanganyi, mimi hata nikiwa na haraka vipi siruki.

Na usiguse na kidole tupu baada ya hapo. Nilishawahi kutoa kichwa kizuri sana chenye alama ya dole gumba langu katikati ya kitako, imekaa pale utadhani nimesaini kitambulisho.

#6 mkono_mzito

Duh. Jioni sita zangu zimeondoka na mafuta ya stilwaya. Sijui nicheke au nilie.

#7 Hesabu_Kali

Naongezea kwa nini inakuwa hivyo. Dawa nyingi za aina hiyo zina chumvi ya shaba na seleniamu ndani ya asidi. Asidi inamega chuma kidogo, shaba na seleniamu zinachukua nafasi yake juu, weusi unaouona ni hiyo ngozi. Kwa hiyo sio rangi inayolala juu, ni kitu kinachotokea pale dawa inapokigusa chuma chenyewe, penye mafuta hakitokei kitu. Na pale ilipokuwa kahawia ni dawa iliyokauka au haikusuuzwa vizuri, asidi ikabaki inaendelea kula, ndio kutu ya siku ya tatu.

Kingine, kipashe kichwa moto kidogo kabla, chovya kwenye maji ya moto au pitisha draya, kiwe vuguvugu mkononi. Inashika haraka na sawasawa. Paka kwa kipande cha pamba kilicholowa vizuri, kwa mkupuo mmoja, usirudierudie mahali pamoja kama unapaka ukuta. Suuza, sugua kidogo na ile stilwaya iliyotolewa mafuta, rudia. Mara tatu mpaka tano hivi.

Seleniamu ni sumu, sitanii. Glavu, dirisha wazi, na usifanyie jikoni kwenye sinki la vyombo.

#8 mgeni_wa_uwanja

Samahani wakuu mimi mgeni kwenye hivi vitu, puta yangu inang'aa fedha fedha, nayo nataka iwe nyeusi, naweza kutumia dawa hiyo hiyo?

#9 Bogi Kila Shimo

@mgeni_wa_uwanja kabla hujagusa chochote soma haya mateso yangu.

Mimi nilikuwa na puta inang'aa hivyo hivyo, kromu imeanza kubanduka. Nikaona watu wanachoma kichwa na tochi ya gesi kinatoka rangi za zambarau na buluu, nikasema na mimi. Nimekibana kwenye jiliwa, nimewasha tochi, nasubiri buluu. Buluu haiji. Nikasogeza moto. Kromu ikaanza kufura kama ngozi iliyoungua, nikajiambia hiyo ni uchafu unatoka. Nageuka kuchukua koleo, narudi, kisigino cha puta (upande wa kichwa ulio karibu na shafti) kimelala. Kimelala wakuu, kama mshumaa! Kikadondokea kwenye meza tone linang'aa.

Ilikuwa zinki ya kumimina kwenye ukungu, juu wamechovya kromu. Nimekuja kujua baadaye inayeyuka kwenye nyuzi mia tatu themanini na kitu tu. Tone ninalo mpaka leo, nalitumia kuwekea alama mpira kwenye grini (zile nyasi fupi zenye shimo).

#10 Shimo la 19

Hahahahaha "kimelala". Mkuu umeniua. Halafu hilo tone ndio puta ya bei mbaya kuliko zote.

#11 fundi_jiliwa

Ndio maana nilianza na swali la sumaku. Ila sumaku peke yake haitoshi, watu wanadanganyika.

Isiposhika kabisa inaweza kuwa zinki, alumini, shaba, au stenlesi za 303 na 304 ambazo ndizo zimechongewa puta nyingi nzuri. Ikishika inaweza kuwa chuma cha kaboni, lakini stenlesi ya 17-4 nayo inashika sumaku na dawa ya baridi haiishiki ng'o. Kwa hiyo baada ya sumaku tafuta mahali pa siri, mimi natumia chini ya kitako karibu na kisigino, kwangua upana wa punje ya mchele mpaka chuma chenyewe, asetoni, tone moja la dawa. Chuma cha kaboni kitakuwa cheusi ndani ya sekunde chache. Stenlesi itakutazama tu.

@mgeni_wa_uwanja ya kwako kama ni stenlesi ya kung'aa, usihangaike na weusi. Ipe msasa mzuri, malizia na ile sponji ya kusugulia ya kijani kwa kwenda uelekeo mmoja tu, inatoka na mng'aro mtulivu usiokupiga macho jua likiwaka, inapendeza kuliko nyeusi iliyolazimishwa. Kama ni kromu ya kuchovya iache. Kuitoa kromu ni kazi ya watu wa machovyo wenye mapipa na mifereji yao, ukianza na asidi na umeme kwenye ndoo nyumbani unatengeneza maji machafu yenye kromu ya sumu kali, utayamwaga wapi?

Na zinki usiiloweke hata kwenye siki. Siki inaitafuna, utaona mapovu ukadhani ni kutu inatoka, kumbe ni kichwa chenyewe kinaondoka.

#12 Babu Bunkeri

Wajukuu hamjambo. Nimesoma nikaona nisinyamaze.

Ukikuta kichwa cha puta au fimbo ina rangi ya shaba shaba, SIMAMA hapo hapo. Nyingine ni bronzi ya kawaida, zile puta za Anser za mwanzo za kampuni ya Ping zilikuwa hivyo na hazina neno. Lakini miaka ya baadaye walitoa na za shaba yenye beriliamu, Ping Eye 2 za rangi hiyo zipo nyingi mtaani mpaka leo. Kuishika na kuichezea hakuna shida. Shida ni vumbi lake. Vumbi la beriliamu ukilivuta linaweza kukuharibu mapafu na ugonjwa wenyewe ukajitokeza baada ya miaka, wakati umeshasahau kama uliwahi kushika msasa. Barakoa ya kitambaa hailizuii. Ifute na kitambaa chenye mafuta uiache na ukongwe wake.

La pili ni la roho yangu. Kila kitu cha zamani mnakitaka kipya. Huyu Karsten Solheim, mwanzilishi wa Ping, alikuwa injinia wa General Electric, alikuwa anashindwa kupiga puta vizuri akaamua kujitengenezea ya kwake, 1959 akatoa puta ya 1A, na jina Ping ni mlio wake tu ukigonga mpira. Anser ikaja 1966, lile neno la Kiingereza la jibu (answer) lilikuwa refu halienei kwenye kichwa, mkewe Louise akamwambia toa w. Sasa mtu anapata moja ya zile za mwanzo, anaikata msasa mpaka hayo maandishi yanapungua kina, halafu anauliza kwa nini wakusanyaji hawaitaki. Tiger Woods amechukua meja (yale mashindano makubwa kabisa) 14 kati ya 15 zake na puta ya Newport 2 ile ile ya Scotty Cameron, katikati ya uso imesuguka mpaka inaonekana kwenye televisheni, nani amemwambia akaipake dawa?

#13 dada_wa_grini

Shikamoo babu. Kwa beriliamu nakushukuru, nilikuwa sijui na ninayo moja stoo, haitaguswa.

Ila kwa hilo la pili naomba nikupinge kwa heshima. Ya Tiger ni stenlesi babu, haiozi. Hii ya mleta uzi ni chuma cha kaboni, kutu yake sio ukongwe, ni ugonjwa, ukiuacha unaendelea kuchimba. Ukongwe mzuri ni ule weusi mtulivu ambao kitambaa hakitoki na kitu ukifuta. Kikitoka na unga wa chungwa hiyo inakula. Mimi kanuni yangu, kama puta ina historia au ni adimu, kutu naitoa kwa mafuta na mswaki tu basi. Kama ni ya kuchezea, ichezewe na ivalishwe.

#14 Babu Bunkeri

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye unga wa chungwa umenishinda, nakubali.

#15 mkono_mzito

Babu yangu mimi sio adimu, chini imeandikwa namba tu na jina la kampuni ambalo hata sijalisikia tena.

@dada_wa_grini nimeona zamani uliwahi kuonyesha puta yenye maandishi ya rangi safi sana. Mimi rangi ya kwenye herufi nikiweka inamwagika nje kama mtoto amepaka. Unafanyaje?

#16 dada_wa_grini

Rangi ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo mniache niseme.

Ya zamani itoe yote, usipake juu yake. Pamba ya masikio na asetoni, acha tone likae kwenye herufi nusu dakika, kisha kijiti cha meno, usitumie sindano ya chuma utachora kuta za herufi. Hii ifanyike KABLA ya dawa ya weusi maana asetoni na kukwangua kwangua baadaye kutakuharibia weusi.

Dawa ikishakaa na kuoshwa, ndio rangi. Watu wanatumia rangi ya kucha kwa sababu ipo ndani, inafaa, ila ina kasoro mbili, inakauka kabla hujapumua na inafutwa na asetoni tu ambayo ni kali. Mimi natumia rangi ya enameli ile ya kuchorea vijigari vya kuunganisha, inafutika na spiriti nyeupe kwa upole. Usipake, dondoshea. Chovya ncha ya kijiti, gusisha katikati ya herufi, rangi itatembea yenyewe mpaka kwenye kuta kama maji yanavyoingia kwenye mfereji. Ikijaa mpaka imefura kidogo ni sawa, ikikauka inashuka. Ikishuka chini ya ukingo ongeza tone la pili kesho yake.

Iliyomwagika nje usiifute ikiwa mbichi, hapo ndipo wengi wanaharibu, kitambaa kinazama kwenye herufi na kuichota yote. Iache mpaka juu iwe imeshika. Halafu chukua kadi ngumu ya plastiki, ivishe kitambaa kisicho na nyuzi tabaka moja tu ukivute kwelikweli, kigusishe kwenye spiriti kidogo, uburute mara moja kukatisha herufi, geuza kitambaa mahali pasafi, buruta tena. Kadi ni ngumu haiwezi kuzama, kwa hiyo inakula cha juu tu. Mara ya kwanza nilivyojaribu herufi O ilitoka imejaa kotekote kama kitufe, nikairudia mara nne, kwa hiyo usikate tamaa.

#17 Kutu Mfukoni

Nyie wote mnahangaika na madawa, mimi nyeusi yangu naipata kwa kutu yenyewe na sufuria la maji.

Safisha chuma kama fundi alivyosema, kipimo cha maji na kila kitu. Halafu kifanye kishike kutu makusudi, nyunyizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 iliyochanganywa na siki kidogo na chumvi kiasi, dakika chache tu utaona koti jembamba la chungwa. Kisha chemsha kichwa kwenye maji dakika kama kumi na tano au ishirini. Kinatoka cheusi. Sugua unga na stilwaya isiyo na mafuta, rudia tena kutu, chemsha tena, mara nne tano. Inatoka nyeusi tulivu na inadumu kuliko ya chupa.

Onyo, kwenye huo mchanganyiko usije ukatia dawa ya klorini ya kufulia eti iwe kali zaidi, siki na klorini zinatoa gesi inayoua. Na sufuria hilo halirudi jikoni.

#18 Shimo la 19

Kutu unaichemsha inakuwa nyeusi? Hii chai mkuu.

#19 Hesabu_Kali

Sio chai. Kutu nyekundu na kile cheusi vyote hasa ni chuma na oksijeni, kinachotofautiana ni kiasi na mpangilio. Maji ya moto yanaigeuza ile nyekundu kuwa magnetaiti, Fe3O4, ambayo ni nyeusi na imeshikamana na chuma, haiachii unga. Ni njia ya zamani sana ya mafundi bunduki. Sharti maji yawe yaliyokenekwa ya betri au ya mvua safi, ya bomba yenye chokaa yanaacha michirizi myeupe.

Kwa hiyo kutu mkuu ni suala la ipi umeiacha imalizie.

#20 Bogi Kila Shimo

Sasa mimi na tochi yangu, nikipata chuma cha kweli naweza kurudia? Nataka zile rangi jamani, roho haijatulia.

#21 fundi_jiliwa

Unaweza ila shafti itoke kwanza. Kichwa kikiwa kwenye shafti gundi ya epoksi italegea muda mrefu kabla hujaona rangi, na kama shafti ni ya grafaiti ndio umeiua. Chora mstari wa penseli au tepu kati ya shingo (pale kichwa kinapoishika shafti) na shafti kabla hujaichomoa, hizi shafti zenye mikunjo miwili ukirudisha imekaa nyuzi mbili pembeni uso utakuwa unatazama kushoto maisha yako yote na utalaumu mkono. Pasha shingo polepole, zungusha huku ukivuta. Kurudisha, kwangua gundi ya zamani yote pande zote, changanya epoksi mpya, panga na mstari wako, iache saa 24 usiishikeshike.

Rangi zinakuja kwa mpangilio, njano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 na kitu, kahawia kama 255, zambarau karibu 280, buluu kuelekea 300, ukipita hapo inakuwa kijivu na hakuna kurudi isipokuwa msasa. Inakwenda taratibu halafu ghafla, buluu kamili kwenye ncha nyembamba inafika wakati katikati bado kahawia. Kwa hiyo moto uanzie kwenye unene, ukae mbali, usisimame. Na toa rangi yote ya herufi kwanza, ikiungua inatoa moshi mbaya. Kama uso una kipande cha plastiki au mpira kilichopachikwa, sahau tochi.

#22 mgeni_wa_uwanja

Swali la kijinga labda, ukisugua hivi puta haiwi haramu kwenye mashindano? Na uzito je?

#23 Hesabu_Kali

Sio la kijinga. Kubadilisha rangi hakuna kanuni inayokataza. Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, zinasema puta isizidi lofti (mlalo wa uso kwenda nyuma) ya nyuzi 10, na nyingi ziko kati ya 2 na 4, kwa hiyo nafasi ipo kubwa. Kinachokatazwa ni kubadilisha makusudi utendaji wa fimbo katikati ya raundi, kwa hiyo msasa usiende nao uwanjani, hahaha.

Uzito, piga hesabu. Kitako chenye urefu wa milimita 110 na upana wa 20, ukiondoa sehemu ya kumi ya milimita, umeondoa gramu zisizofika 2. Kwenye kichwa cha gramu 330 au 350 hutasikia. Uso ndio wa kuogopa. Uso una kimo kama milimita 25, ukisugua juu zaidi ya chini kwa hiyo hiyo sehemu ya kumi tayari umehamisha lofti robo ya nyuzi, na umeacha uso usio bapa. Mleta uzi alifanya vizuri kuuacha.

#24 mkono_mzito

Wakuu nimerudi, wikiendi yote nilikuwa karakana.

Nilishusha mpaka 400 tena, nikapanda mpaka 800. Stilwaya nikailoweka kwenye asetoni kwenye kikopo cha kioo, wakuu ile asetoni ilibadilika rangi. Ikawa na vijiduara vya mafuta juu. Nilikaa nakiangalia kile kikopo kama dakika mbili nzima nimenyamaza. Nikafuta kichwa, nikamwagia maji, mara ya kwanza yakakusanyika pale kwenye kona ya ndani ya shingo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, nikaingiza pamba ya masikio, mara ya pili yakatandaa kote.

Kichwa vuguvugu, dawa, suuza, stilwaya, mara nne. Mara ya kwanza ilitoka kijivu cha moshi ila SAWASAWA, nikajua hapa tumepata. Ya nne ikawa nyeusi yenye ubuluu ukiigeuza kwenye mwanga. Bekingi soda, suuza, kausha, mafuta mengi, ikalala usiku mzima ndani ya mafuta. Herufi nimeweka nyeupe kwa njia ya dada, S moja imeninyima kidogo, ina kipunguo pembeni. Vishimo viwili vya kutu kwenye kitako nimeviacha, kuvitoa ningelazimika kula chuma kingi na maandishi yangeenda nayo.

Mlio uko vile vile. Tk.

#25 Shimo la 19

Picha basi mkuu usituache hivi.

#26 mkono_mzito

Nimeshapandisha tatu, ya mwisho ni ile S, msinicheke. @fundi_jiliwa nakudai salamu ukipita kwenye begi langu.

#27 fundi_jiliwa

Safi sana mkuu, kona zimesimama. Weusi wa dawa ya baridi ni mwembamba, kitakoni utachakaa kwanza pale inapogusa nyasi, hilo usilipiganie. Kila baada ya raundi kitambaa kikavu halafu kingine chenye mafuta, basi.

#28 Babu Bunkeri

Imependeza mjukuu, nakiri. Lile kava lenye manyoya umelirudishia?

#29 mkono_mzito

Hapana babu. Nimelifungua, sponji ya ndani bado ilikuwa na unyevu.